Dripu ya Mama na Soda za Mkwe

Tulipomaliza kumzika mama mwezi wa nne, watu walirudi nyumbani kula, na vile ilivyo kwenye matanga yetu, chakula kilipoingia tumboni ndimi zililegea. Kaka yangu Wycliffe alisimama na sahani mkononi akasimulia jinsi mama alivyowahi kufa Nairobi akafufuka. Watu walicheka mpaka shangazi mmoja akamwaga chai. Shida ni kwamba katika masimulizi yake Wycliffe ndiye aliyemwokoa mama, naye mume wangu Zablon alikuwa nje anapunga upepo. Zablon mwenyewe alikuwa ameketi palepale, alikata tonge lake la ugali akachovya mchuzi. Mimi nilitaka kuinuka niseme, lakini nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia, na tena sikuwa na hakika kama nakumbuka sawasawa. Shule yangu iliishia darasa la nane. Ila mle ndani ya wadi alimolazwa mimi nilikuwamo, na Wycliffe mara nyingi hakuwamo, kwa hivyo nitaandika vile ninavyokumbuka. Pale Wycliffe alipofanya vyema nitasema pia, kwa sababu alifanya vyema, tena mahali ambapo yeye mwenyewe hapataji.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nairobi, mtaa unaoitwa Tena, chumba cha mabati juu na simiti chini, pazia la maua likigawanya kitanda na jiko la mafuta ya taa. Zablon alifanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti kule Industrial Area, na jioni alirudi na mfuko wa biskuti zilizovunjika, ambazo wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua. Mwaka ule tulikunywa chai kwa vipande vya biskuti mpaka nikasahau biskuti nzima inafanana vipi. Leo nina sebule yenye makochi na kabati la vioo, lakini nikifumba macho ninachokiona ni lile pazia, kwa sababu mama alipokuja kutibiwa kikohozi, pazia halikutosha kubeba mzigo wa heshima ya ukoo wetu. Kwetu, huko magharibi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali mmoja mbele ya mwingine, hawalali chini ya paa moja, na mama mkwe hamtaji mkwe kwa jina. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo ina kazi nyingi kuliko uadui. Zablon alikwenda kulala kwa rafiki yake, mtaa wa Umoja. Jioni akitoka kazini alikohoa getini, mama akasikia, akajifunga leso akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukaa kwa jirani. Zablon aliingia, akala, akabadilisha shati, akakohoa tena, akatoka, mama akarudi. Walipishana kama zamu ya mchana na zamu ya usiku. Mama naye alikuwa anakohoa kwa ugonjwa, kwa hivyo mara nyingine Zablon alidhani ameitwa na mara nyingine mama alikohoa mwenyewe akajikuta amesimama tayari kutoka.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Kitu alicholeta mkwe hakirudishwi na hakibakizwi. Ukikibakiza umetangaza kwamba kijana hafai. Tena mama alikuwa na sababu yake. Wakati wa posa alisema mbele ya watu kwamba Zablon ni mwembamba mno, huenda ana minyoo, na maneno hayo yakamfikia Zablon. Tangu siku hiyo mama alijihukumu mwenyewe, na hukumu ilikuwa kumaliza kila kitu Zablon alichomletea. Hata biskuti zilizovunjika alizimaliza, unga wa mwisho akiulamba kiganjani, huku akisema kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Mkwe wangu anajua kununua!" ingawa alijua vizuri kwamba hazikununuliwa.

Kikohozi kilipogeuka kuwa homa na kifua kikaanza kumchoma, tulimpeleka kwenye zahanati moja yenye vitanda, jengo la ghorofa si mbali na pale. Kijana daktari aliyetupokea alikuwa mpole na mikono yake ilikuwa safi, akasema ni nimonia, alazwe. Wadi ya wanawake ilikuwa chini, kuta za rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, na dirisha la mama lilitazama njia ya kupitia uani. Alianza kuchomwa sindano, akawekewa maji. Hapa lazima nieleze, kwa sababu vijana wa leo hawaelewi. Siku zile kwetu mtu hakuwa mgonjwa mpaka awekewe maji. Hukuulizwa ugonjwa gani. Uliulizwa, "Amewekewa chupa ngapi?" na ukitaja chupa chache uliona nyuso zikipoa, kana kwamba umewapotezea nauli. Mtu aliyetoka hospitali bila alama ya plasta mkononi alionekana kama aliyekwenda kutembea. Basi chupa ilipokaribia kuisha tuliita muuguzi vile mtu anavyoita akiona kikombe cha mgeni kimebaki tupu. "Sista! Sista, chupa imeisha!" Ile ilikuwa dripu ya maji ya sukari. Haki isemwe: yule kijana daktari alisema mapema kwamba mama anakunywa vizuri kwa mdomo, dripu inaweza kutolewa. Ni Wycliffe aliyekataa. Alikuja kutoka kazini kwake, ofisi ya baraza, tai imelegezwa, akasema, "Daktari, huyu ni mama mzazi. Usimpimie maji kama mchuuzi wa maji." Daktari akatutazama sote. Nami sikumsaidia, nilitikisa kichwa kumuunga kaka mkono. Akatundika nyingine.

Zablon hakuweza kuingia wadini, maana mama mkwe akiwa kitandani ni mwiko juu ya mwiko. Alikuja kila jioni na koti lake jeupe la kiwandani, akasimama nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso ukitazama tanki la maji. Mimi nilisimama ndani, nikiwa na mmoja huku na mwingine kule, umbali wa mkono.

"Muulize mama ameshindaje," Zablon alisema.

"Mama, anauliza umeshindaje."

"Mwambie nimeshinda vizuri. Yeye je?"

"Anasema vizuri. Wewe je?"

"Mimi mzima. Mwambie nimemletea soda, na glukosi ya kukoroga."

"Mama, kuna soda na—"

"Mwambie asante, nitamaliza," mama alisema kabla sijafika mwisho, na akamaliza kweli. Akanywa soda ya machungwa, akanywa glukosi, na kesho yake Zablon alisikia kwamba zilimalizika, akafurahi, akaleta maradufu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Mtu aliyeitwa mwembamba anakubaliwa kila jioni, tena kwa sauti ya juu.

Halafu walikuwepo wamama wa kanisa. Walikuja kwa kundi, leso za rangi moja, wakiimba kuanzia mlangoni, na kila mmoja na chupa yake ya chai au uji. Uji haukutiwa chumvi hata chembe, wala mboga walizoleta, kwa sababu mwenyekiti wao alisikia kwamba chumvi inaleta presha. Kila aliyekuja alimnywesha mama kikombe kimoja, asionekane amekuja mikono mitupu. Kwenye kitanda cha pili alilala msichana wa Umoja aliyevunjika mguu, mchangamfu, Sheng tupu mdomoni. Alitazama vile vikombe vikipita, akaniambia, "Manze, mathe wako anakunywa kuliko lori. Hiyo yote inaenda wapi?" Tukacheka. Sikujiuliza inaenda wapi. Kweli mama hakuwa akienda haja sana, lakini nilidhani ni aibu ya wadi.

Homa ilishuka. Kifua kikatulia. Tukaanza kupanga siku ya kumtoa. Ndipo mama akaanza kulalamika kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Tulimwambia nini? Kunywa maji kidogo. Siku iliyofuata nilimkuta ameketi, macho mazito, anazungumza na kile chuma kinachobeba dripu. "Karibu, mwanangu," anakiambia. "Mbona umesimama? Wageni wangu hukaa." Nikadhani ni mzaha, kwa kuwa mama alikuwa na mizaha ya namna hiyo. Wamama wa kanisa walipoingia wakiimba, aliwasikiliza mpaka ubeti wa pili, akainua mkono.

"Basi," akasema. "Nyinyi mnaimba kama mbuzi waliofungwa kamba fupi."

Msichana wa Umoja alijifunika shuka. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mama Wycliffe, ni sisi, dada zako."

"Nawajua. Wewe hasa ndiye unayewapoteza, unaanzia juu." Sitaki kumwonea mtu, lakini juu ya jambo hilo mama alikuwa na haki, mwenyekiti alianzia juu daima. Kilichonitia hofu ni kwamba mama, akiwa na akili zake, angekufa kabla ya kulisema. Kisha akageuza kichwa dirishani, akaita kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Zablon! We Zablon! Unasimamia nini huko nje kama askari wa benki? Ingia ukae hapa kitandani!"

Jina. Alilitaja jina. Nilichungulia nje nikamwona Zablon, ambaye siku hiyo aliomba ruhusa kazini akaja mapema, amechuchumaa chini ya dirisha, mikono kichwani, kama mtu anayepigwa mawe. Mwenyekiti alisema hilo si mama, ni kitu kingine kinachosema, wakaanza kuomba kwa nguvu. Wycliffe alipofika na kusikia alikaa kwenye kiti akavua miwani. "Nairobi imemharibu," akasema. "Jioni hii napanda naye basi, akafie kwake kama ni kufa." Akaanza kukunja nguo za mama kwenye mfuko. Mama alimtazama akamwambia akunje vizuri, tena asisahau kuku walio chini ya kitanda. Hapakuwa na kuku. Chini ya kitanda palikuwa na chupa tupu za soda, zimepangana kama kwenye kreti, zikingoja kurudishwa dukani.

Ile ilikuwa siku ya daktari mkubwa, mama mmoja mfupi aliyekuja mara moja moja kuwaona wagonjwa waliolazwa, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alimpima mama kifua akaridhika. Alimwuliza yuko wapi, mama akasema yuko harusini. Daktari akainama, akatazama chini ya kitanda, akatazama kabatini, akasema, "Naye hajakosea sana. Ni nani anayefanya harusi hapa?" Akatoa damu mkononi mwa mama, akasema inahitajika maabara ya mjini, na inahitajika leo. Hapa ndipo mahali pa kwanza Wycliffe alipofanya vyema. Aliuweka chini ule mfuko wa nguo, akaichukua ile damu mwenyewe, akaipeleka, akangoja majibu huko huko, akarudi nayo amelowa jasho shati zima. Kama angepanda basi wakati ule, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Daktari alisoma majibu akatuita karibu. Alisema chumvi kwenye damu ya mama imeshuka vibaya. "Nimonia yenyewe hufanya mwili ushikilie maji, usiyatoe," alieleza. "Juu yake mmemtundikia maji ya sukari, soda, glukosi, chai, uji usio na chumvi. Damu imekuwa kama supu inayoongezwa maji kila mgeni akibisha hodi. Sasa ubongo unavimba. Haya mnayosikia si mapepo. Akiendelea kunywa, anaweza kushikwa na kifafa, na anaweza asiamke." Akanyoosha mkono akaifunga ile dripu ya sukari, akaichomoa.

Mngeona ile wadi. Kuchomoa dripu, kwetu, ilikuwa ni kusema jeneza liandaliwe. Mwenyekiti alipiga yowe. Wycliffe akasimama mbele ya daktari, "Umemkatia tamaa mama yangu?" Daktari hakuinua sauti. Alisema atamwekea maji mengine kidogo, ya chumvi kali, kwa kipimo, na kwamba mbali na hapo mama asinywe kitu ila atakachoruhusu yeye. Ikifika jioni hakuna nafuu, atampeleka mwenyewe hospitali kubwa. Wycliffe alitoka mbio, akarudi kutoka dukani na pakiti nzima ya chumvi na kijiko. "Kama ni chumvi, si tumpe aimalize sasa hivi?" Daktari alimpokonya. "Polepole, baba. Ikipandishwa ghafla inaharibu ubongo vilevile. Tumechukua siku nyingi kuishusha, haitapanda kwa kijiko."

Sasa, mikononi mwa mama palikuwa na soda. Zablon aliileta jioni iliyotangulia, imefunguliwa, na mama alikuwa ameikumbatia kifuani. Niliishika chupa nikavuta. Akavuta. "Mama, daktari amekataza."

"Unataka nimwaibishe mumeo?"

Ajabu yenyewe ni hiyo. Hakujua yuko wapi, aliona kuku wasiokuwepo, jina la mkwe alikuwa amelipigia kelele, lakini ile sheria ya kutobakiza ilisimama wima kichwani mwake, na kila kingine kimelala. Muuguzi alijaribu akapigwa kofi la mkono. Wycliffe alijaribu, mama akamwambia, "Ya mkwe hiyo. Wewe umeniletea nini?" na hapo Wycliffe akarudi nyuma, kwa kuwa ni kweli alikuwa hajaleta kitu ila ushauri. Mama aliinua chupa mdomoni.

"Huyo mkwe yuko wapi?" daktari akauliza.

Nikaonyesha dirisha.

Daktari alitoa kichwa nje. "Wewe kijana, ingia umnyang'anye soda yako."

"Mimi?" sauti ya Zablon ilitoka chini. "Daktari, siwezi. Huyo ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana nakuita wewe."

Zablon alisimama. Nilimwona usoni, naye hakunitazama mimi, alimtazama Wycliffe, kwa sababu Wycliffe ndiye mkubwa wa nyumba yetu, na mwiko ule ukivunjwa yeye ndiye angeisimamia kesi yake nyumbani. "Shem," Zablon alisema, "unasemaje?"

Hapa ndipo mahali pa pili. Wycliffe alimtazama mama, akavua miwani akaitia mfukoni. "Shem, ingia," akasema. "Mimi bila miwani sioni kitu." Akageukia ukuta. Wamama wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, wakajifunika leso kichwani wakageukia ukuta nao.

Zablon aliingia kinyumenyume, koti la kiwandani amejifunika kichwa chote. Ilibidi nimwongoze kama lori linalorudi nyuma. "Kushoto. Kushoto tena. Simama, hilo ni kabati." Aligonga kabati hata hivyo. Msichana wa Umoja akasema kwa sauti ndogo, kama utingo wa matatu anayetaja nauli ya shilingi ishirini, "Mbao moja, manze, lete lete." Zablon alipofika kitandani alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi.

"Mama," alisema ndani ya koti, "naomba ile soda."

Mama aliutazama ule mkono. "Umeileta mwenyewe."

"Nimeileta mwenyewe. Naomba unirudishie." Sote tulisikia anavyohema. "Nina kiu, mama."

Sijui alilipata wapi neno hilo, na yeye mpaka leo anasema hajui. Lakini hakuna mama wa kwetu, mwenye akili au asiye nazo, atakayemnyima mkwe aliyesema ana kiu. Mama alimwekea chupa mkononi, akavifunga vidole vya Zablon juu yake kwa mkono wake mwenyewe isianguke. "Kunywa, baba," akasema. "Mwembamba hivyo."

Na hapo ikabidi anywe. Mbele yake, mwiko juu ya mwiko, mgongo amempa, koti kichwani, soda ya jana isiyo na gesi wala baridi. Mama hakumwondolea macho mpaka ikaisha. Kisha akachukua ile glukosi iliyokwisha kukorogwa kabatini akampa. Daktari akamwambia anywe. Akanywa. Uji wa mwenyekiti nao akanywa. Mwisho alicheua, si kidogo, na leso zote ukutani zikaanza kutikisika. Waliokuwa wanaomba dakika chache nyuma walikuwa wanacheka mpaka mmoja akashika kitanda. Mimi sikucheka. Nililia, kisha nikacheka baadaye, au huenda ilikuwa kinyume.

Jioni ile mama aliuliza ni siku gani, na daktari akasema hilo ni swali zuri. Nafuu ilikuja polepole kama alivyoahidi. Kuku waliondoka, chuma cha dripu kikaacha kukaribishwa. Wycliffe alikaa mlangoni akiwazuia wageni wenye chupa, mkali kuliko muuguzi, ingawa sitamsifu zaidi ya hapo. Mama alipokuwa mzima kabisa, ameegemea mto wa kitanda, uso umerudi kuwa wake, tuliogopa kitu kimoja: akikumbuka, lazima tukae kikao nyumbani, wazee waitwe, mbuzi achinjwe, na jina la Zablon litembee vijijini. Wycliffe alimzunguka kwa maneno, mwishowe akauliza, "Mama, siku zile ulipozidiwa, unakumbuka lolote?"

"Nikumbuke nini, na nilikuwa mgonjwa?" mama akasema. "Mtu mgonjwa haoni watu."

Wycliffe alishusha pumzi, akaenda kazini kwake. Nikabaki mimi na mama. Jioni Zablon alikuja kama kawaida, akasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, safari hii mikono mitupu kwa amri ya daktari. Aliniambia nimuulize mama ameshindaje, nikauliza. Mama alijibu ameshinda vizuri. Kisha alivuta leso akajifunika mabega, akatazama ukuta wa mbele yake, mbali na dirisha.

"Na umwambie avae sweta," akasema. "Vidole vyake baridi mno."

Sikumfikishia. Nilitoa kichwa nje kumtazama. Zablon alikuwa palepale, ametazama tanki la maji, na mikono yake yote miwili alikuwa ameificha makwapani.